Ubao Ulikuwa Upande Gani?

Kibiriti alifika kwenye uwanja wa shule saa tisa na nusu alasiri, akajibanza nyuma ya rundo la matofali kama mwizi wa kuku. Mtu mzima, mwenye duka lake la mikate na wafanyakazi wawili! Alitaka amwone Fundi Vioo kabla Fundi Vioo hajamwona yeye. Alitaka kujua atasimama wapi, atatazama nini, na uso wake utakuwaje akidhani yuko peke yake. Mwanamke anayempenda mwanamume kwa dhati hafanyi mambo kama hayo, au labda huyo ndiye hasa anayeyafanya.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wazee wa Fundi Vioo walikuwa waje nyumbani kwa baba yake kuleta posa. Nyumba ilishafagiliwa mpaka nyuma ya makabati. Lakini bibi harusi mtarajiwa tangu juzi usingizi ulimpaa, chakula hakikupita kooni, na alikuwa ameunguza trei mbili za mikate, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu afungue duka.

Yote yaliletwa na picha. Juzi hiyo Shangazi yake aliingia dukani na bahasha, akatoa picha ya darasa la tatu iliyofifia, watoto arobaini na mmoja wamejipanga mbele ya jengo la shule. Akaiweka juu ya meza ya kukandia unga.

"Nionyeshe mchumba wako," Shangazi alisema.

"Ameniambia siku hiyo alikuwa mgonjwa."

Shangazi akatoa ya pili. "Na hii ya darasa la pili, napo aliumwa? Na ya darasa la nne? Maskini mtoto! Mpigapicha akitokea tu, homa inampanda."

"Shangazi, umeanza."

"Sijaanza, nimemaliza. Mwanamume anajua rangi ya mkoba wako wa shule, anajua nani alikuwa anakuibia penseli, na hakuna kiumbe hata mmoja aliyesoma naye. Baba yako alikuwa mwalimu mkuu pale miaka ishirini na sita. Hasahau sura ya mtoto. Naye kasema hamjui. Sasa huyu mtu mambo yako kayapata wapi?"

Kibiriti alimfukuza Shangazi kwa maneno ya adabu, lakini machale yakaanza kumcheza. Jina lake la Kibiriti alipewa na watoto wa shule ile ile, kwa wembamba wake na kwa kuwaka upesi. Wembamba ulishaondoka zamani. Kuwaka kulibaki.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba shule ndiyo iliyomfanya ampende. Mwaka jana jengo lilipovunjwa kwa sababu kuta zilikuwa zimepasuka, yeye alilia, na watu wakamshangaa kulilia matofali. Miezi minne baadaye akaja fundi kuweka vioo kwenye kabati lake la mikate. Katikati ya kazi akauliza, "Ile kengele ya shule, ile ringi ya lori, waliipeleka wapi?" Kibiriti akaacha unga. Wakakaa mpaka jioni wakikumbushana: harufu ya chaki iliyolowa, mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa akigeukia ubao ili amung'unye peremende kwa siri, kioo cha dirisha kilichovunjika kikazibwa kwa kitambaa cha bluu. Alijiona amepata mtu aliyebeba nusu ya utoto wake. Kama nusu hiyo ilikuwa ya kuokoteza, basi na mapenzi yalikuwa ya kuokoteza.

Ndiyo maana alimwambia wakutane hapa saa kumi kasorobo. Na bila kumwambia Fundi, alimwomba baba yake naye afike saa kumi kamili.

Fundi Vioo alitokea upande wa barabara, shati limenyooka, viatu vimepigwa rangi. Kibiriti alipomwona moyo ukamwenda mbio kama kawaida, akaukemea. Jengo lote lilikuwa limeondolewa. Ilibaki sakafu ya saruji na ngazi ya mlangoni tu, na mistari iliyochakaa ilionyesha kuta zilikuwa wapi. Fundi hakupanda juu ya sakafu. Alizunguka nje, upande wa magharibi, akasogeza tofali kwa mguu, akapanda juu yake, akanyoosha shingo na kutazama hewa tupu. Alikaa hivyo muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza.

"Unaangalia nini?" Kibiriti aliuliza, akitoka mafichoni.

Fundi nusura aanguke. "Ulikuwa unanichungulia?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Naangalia shule."

"Basi twende ndani."

"Ndani wapi? Hakuna ndani."

"Darasa la tatu. Si ulisoma hapa? Nifuate."

Alimpeleka kwenye ngazi ya mlangoni, ambayo ilibaki peke yake bila mlango. Ukingo wake ulimeguka tangu kabla hawajazaliwa, na hakuna mtoto aliyesoma pale asiyeacha ukucha wake juu yake. Kibiriti alipofika, mguu wake wenyewe ukanyanyuka juu zaidi ya haja, ukavuka. Nyuma yake akasikia kishindo. Fundi alikuwa amejikwaa, ameshika kidole cha mguu juu ya kiatu kilichopigwa rangi.

"Pole," Kibiriti alisema.

"Asante. Hii ngazi imewekwa lini?"

Kibiriti aligeuka. "Ilikuwepo siku zote, Fundi."

"Ah. Nimesahau."

"Umesahau ngazi, ila kitambaa cha bluu unakikumbuka."

Fundi akatabasamu, tabasamu la mtu anayetafuta pa kutokea. Kibiriti alisimama katikati ya sakafu akafunga mikono kifuani. "Nionyeshe ulikuwa unakaa wapi."

"Kibiriti, kuna nini leo?"

"Nionyeshe tu."

Akaonyesha kwa kidole cha mkono wa kushoto. "Pale. Karibu na dirisha."

"Karibu na dirisha nilikaa mimi."

"Nyuma yako."

"Nyuma yangu alikaa Kobe. Mpaka leo anapita dukani kila Ijumaa, wala hakujui."

"Basi nyuma ya Kobe."

"Nyuma ya Kobe palikuwa na ukuta na ramani. Ulikuwa umebandikwa ukutani?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili mpaka wakashikana. Leo hakuna aliyecheka. Kibiriti alisogea karibu, akamtazama usoni, macho yale yale yaliyomfanya mara ngapi asahau kuhesabu chenji ya wateja, na akauliza taratibu:

"Ubao ulikuwa upande gani?"

Fundi alifumba macho ili akumbuke vizuri. Hilo ndilo lililomponza, maana hakuwa anabahatisha. Aliuona ubao. Akanyoosha kidole.

"Kushoto."

"Kushoto?"

"Kushoto. Na ramani kulia. Nina hakika."

"Ubao ulikuwa mbele, Fundi." Kibiriti alipandisha sauti. "Mtoto yeyote aliyewahi kukaa darasani, popote alipo, ubao wake uko mbele. Haiwezekani ukae mwaka mzima ukiangalia ubao halafu uniambie ulikuwa kushoto! Nani amekusimulia? Kobe? Yule mwizi wa penseli? Mlikaa wapi mkala njama? Na mlikuwa mnanicheka?"

"Hakuna aliyenisimulia."

"Basi ulisoma hapa?"

Mahali fulani mtu aligonga bati kwa nyundo, akaacha.

"Sikusoma hapa," Fundi alisema.

Kibiriti alikuwa amelitafuta jibu hilo kwa siku mbili, na alipolipata lilimchoma kama mlango wa tanuri. Akageuka aende zake. Kesho wageni wangeambiwa posa imevunjika, Shangazi angetabasamu kwa wema, na yeye angerudi kwenye mikate yake.

"Dakika moja," Fundi alisema. "Sitakugusa. Njoo usimame pale nilipokuwa nimesimama. Baada ya hapo nenda."

"Ili iweje?"

"Dakika moja tu, Kibiriti."

Alikwenda kwa hasira, akapanda juu ya tofali, akatazama mahali palipokuwa na madirisha. "Haya. Nimesimama."

"Ubao uko wapi?"

Kibiriti alifungua mdomo kumjibu kwa ukali, kisha akaufunga. Ubao ulikuwa kushoto. Ramani ilikuwa kulia. Na dawati lake mwenyewe lilikuwa hapa hapa, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa nywele za msichana aliyekaa pale.

"Mama yangu alikuwa anafua nguo za walimu," Fundi alisema kutoka nyuma yake. "Kamba ya kuanikia ilipita hapa mpaka kona ya choo. Kazi yangu ilikuwa kulinda nguo mbuzi wasizitafune. Nilisoma darasa la kwanza, la pili na la tatu hapo ulipo, juu ya tofali. Ulivyohama darasa, na mimi nilihama dirisha."

"Mbona sikuwahi kukuona?"

"Aliyegeukia dirisha si alichapwa? Hamkugeuka kamwe. Mimi najua sikio lako la kushoto kuliko unavyolijua wewe."

Kibiriti alipeleka mkono sikioni bila kujua. Miezi yote hii Fundi alikuwa akikaa kushoto kwake, kwenye benchi, kwenye basi, kanisani, hata kwenye msiba. Alidhani ni mazoea tu.

"Hata hayo unaweza kuyatunga," alisema, lakini kwa sauti iliyopungua makali.

"Saba mara nane."

"Nini?"

"Mkaguzi alikuja, mwalimu akakusimamisha. Saba mara nane. Ukakwama."

Kibiriti alikumbuka. Alikumbuka sauti ndogo upande wa kushoto iliyonong'ona hamsini na sita, na yeye miaka yote aliamini ilikuwa ya Kobe, akamsamehe Kobe penseli zote kwa ajili hiyo. "Ni wewe? Nilipewa kitabu cha zawadi kwa jibu lile!"

"Najua. Nilikuona ukikipokea."

Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumpiga kofi. Badala yake akaishika ile shaka yake kwa mikono miwili, maana mtu akishadanganywa mara moja hana budi kukaa chonjo. "Sasa kwa nini hukuandikishwa? Watoto wa wafuaji walikuwamo, wa wachimba visima walikuwamo. Wewe ulikosa nini?"

Fundi Vioo alinyanyua mkono wake wa kulia. Ulikwenda mpaka usawa wa bega, ukasimama. Alijaribu kuusukuma, jasho likamtoka kwenye paji la uso, lakini ulibaki pale pale ukitetemeka kidogo. Akaushusha.

"Nilianguka nikiwa na miaka minne. Mkono ulivunjika, ukaunga vibaya. Unakumbuka siku ya kuandikisha mlivyopimwa?"

Nani asiyekumbuka? Watoto hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Walipanga mstari, kila mmoja akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Ukifika, umetimiza umri. Usipofika, rudi nyumbani ukue.

"Mwaka wa kwanza haukufika, nikaambiwa bado mdogo," Fundi alisema. "Mwaka wa pili nikaambiwa bado mdogo. Mwaka wa tatu nilikuwa mrefu kuliko wote kwenye mstari. Nikanyanyua wa kushoto, ukafika, ukashika sikio lote. Nikaambiwa, wa kulia. Nikasema huu hauendi. Nikaambiwa, kanuni ni mkono wa kulia, anayefuata!"

Kibiriti alishuka kwenye tofali polepole. "Nani alikuwa anaandikisha?"

Fundi alitazama chini.

"Nimekuuliza, nani?"

"Unajua nani."

Alijua. Katika shule ile mtu mmoja tu ndiye aliyeketi kwenye ile meza kila mwaka. Na hapo ndipo wasiwasi mwingine, mbaya kuliko wa kwanza, ulipomwingia. Mji una wanawake wangapi? Fundi alirudi baada ya miaka ishirini na kitu, akapita maduka yote, akaja kwake, kwa binti wa Mwalimu Mkuu.

"Ulinifuata mimi," aliuliza, "au ulimfuata baba yangu?"

"Wewe."

Lilitoka upesi mno. Yeye mwenyewe hujibu hivyo mteja akimuuliza kama mkate ni wa leo. Alitaka kumwambia hivyo, lakini bakora ilisikika ikigonga saruji. Saa kumi kamili. Mwalimu Mkuu hakuwahi kuchelewa maishani mwake.

Alikuwa mzee mrefu, kofia kichwani, koti limefungwa vifungo vyote. Alipomwona Fundi alisita, kisha akaendelea.

"Shikamoo, Mwalimu," Fundi alisema.

"Marahaba." Akamgeukia binti yake. "Mama, umeniita nije kuona nini? Kifusi?"

"Nimekuita uniambie kitu, baba. Huyu unamfahamu?"

"Nilishasema simfahamu. Hakupita mikononi mwangu. Na mtu akikudanganya jambo dogo kama shule aliyosoma, na makubwa atakudanganya. Kesho wazee wake wakija, nitawaambia hivyo hivyo, kwa heshima."

Alisema kwa sauti ile ya kutangazia matokeo, sauti ambayo binti yake aliiamini tangu utoto. Kibiriti alimtazama. Baba anayejisifu kwamba hasahau sura. Alipiga moyo konde.

"Basi mpime. Mwambie apitishe mkono wa kulia kichwani, aguse sikio."

"Mwache kijana wa watu," Mwalimu Mkuu alisema haraka. "Haunyanyuki."

Neno lilishatoka. Yule mzee alilisikia mwenyewe, na rangi ya uso wake ikabadilika. Kibiriti alimsogelea.

"Umejuaje, baba? Mimi niliyekaa naye mwaka mzima nimejua sasa hivi."

Mwalimu Mkuu alitafuta mahali pa kuketi, akaketi kwenye ile ngazi iliyomeguka. Alionekana mdogo ndani ya koti lake.

"Siku uliyomleta nyumbani," alisema. "Alitaka kushusha sinia la bilauri juu ya rafu, la kushikwa kwa mikono miwili. Mtu mrefu namna ile, akavuta kiti akapanda. Shangazi yako alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwona yuko kwenye mstari, kaptura ya kaki, sikio kalishika kwa mkono wa kushoto, ananitazama."

"Ukasema humjui."

"Ningekwambia nini? Kwamba nilimrudisha mtoto mara tatu? Nyuma yake walikuwa sitini wanasubiri, na jua kali. Niliona mkono, sikuona mtoto. Usiku ule nilielewa. Usiku ule ule wa mwaka wa tatu, mama. Nikasema akirudi mwakani nitamwandika. Hakurudi."

"Mama yangu alihamia kwingine," Fundi alisema.

"Nilijua, niliulizia." Mzee akamgeukia binti yake. "Nilipomwona sebuleni kwangu nikajua amekuja kulipiza. Na njia aliyoichagua ni wewe. Niseme nini zaidi?"

Watu watatu walisimama na kuketi pale, kila mmoja akimtilia shaka mwenzake, na kila mmoja akiwa na sababu. Kibiriti alimgeukia Fundi Vioo. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Umemsikia. Nami nimekuuliza hilo hilo ukanijibu upesi upesi. Nakuuliza mara ya mwisho, na ukinidanganya sasa nitajua. Ulimfuata nani?"

Safari hii Fundi alichukua muda. Alimtazama mzee, akamtazama Kibiriti.

"Siku ya kwanza, yeye," alisema. "Niliambiwa binti yake ana duka la mikate na anatafuta fundi. Nilichukua ile kazi ili nijue anaishi wapi. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu utotoni."

Kibiriti alihisi maumivu, na katika maumivu hayo akajua kwamba amesikia ukweli.

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nilikuja kukuuliza nyumba yenu iko wapi. Ukanipa kiti, ukanihadithia jinsi ulivyolia walipovunja shule. Nikanunua mikate mitano na mimi naishi peke yangu. Nilifika kwangu usiku, nimevua viatu, ndipo nikakumbuka kwamba sikuuliza."

"Na siku ya tatu?"

"Wala siku ya tatu sikuuliza. Mpaka uliponipeleka wewe mwenyewe."

Kibiriti alijifuta uso kwa kanga. Alisimama kushoto kidogo, ili kwa mara ya kwanza yeye ndiye amtazame Fundi kutoka ubavuni, na hakuona chochote cha kuficha pale, ila mtu mwenye hofu. Mwalimu Mkuu alikohoa.

"Kijana," alisema, "yale maneno uliyoyapanga. Yaseme. Niko hapa."

"Yamepungua, Mwalimu. Sijui yamekwenda wapi. Lakini sitakudanganya, hayajaisha yote."

"Ni haki yako."

Kibiriti alimshika baba yake mkono, akamnyanyua kutoka kwenye ngazi. Hasira zake kwake zilikuwa bado mbichi, na zingekaa nyumbani mwao siku nyingi. Ila kesho haikuweza kusubiri.

"Waambie wazee wako wasichelewe," alimwambia Fundi. Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe, baba, kesho Shangazi akae jikoni na mimi nikae chumbani. Wakibisha hodi, utawafungulia wewe mwenyewe. Utamtaja kwa jina lake, mbele ya wote, na utamwambia aingie."

Mwalimu Mkuu alimtazama Fundi.

"Jina lake silijui, mama," alisema. "Sikuwahi kumuuliza."

"Basi muulize."

Na mzee akageuka, akavua kofia, akamuuliza.